Miezi saba ugenini na shirika: ofisini tunaelewana, nyumbani kwao sijawahi kufika. Kosa ni langu?

#1 MgeniWaGetini (mleta mada)

Wakuu salaam. Niko ugenini kwa kazi ya shirika lisilo la kiserikali, mradi wa maji na afya, na huu ni mwezi wa saba. Nchi siitaji, shirika lenyewe dogo na nitajulikana.

Kazini sina shida na mtu. Asubuhi tunasalimiana vizuri, kwenye gari tunapiga stori mpaka tunafika eneo la mradi, na mtu akikosea tunarekebishana bila kinyongo. Saa kumi na moja jioni gari linanishusha getini, mlinzi anarudisha komeo, siku yangu imeishia hapo. Kuna wikiendi naimaliza sijaongea na binadamu mwingine zaidi ya huyo mlinzi.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki mbili zilizopita mwenzangu tunayekaa naye meza moja alipata mtoto. Nilijua Jumatatu, tena kwa kuona picha kwenye simu ya mtu mwingine. Idara nzima walikwenda kumwona Jumamosi. Wamesimama mbele ya ukuta wa bluu, mtoto kafunikwa shuka ya njano, wote wanacheka. Hakuna aliyenificha picha. Nilipouliza mbona sikuambiwa, dada mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Tulijua unapumzika."

Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Waliowahi kuishi maisha haya nisaidieni: kwa nini mtu anaheshimiwa kutwa nzima halafu jioni hayupo kwenye hesabu ya mtu yeyote? Kama kosa ni langu semeni, sitanuna.

#2 Kijichi77

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, hili limenikuta pia.

#3 DerevaWaMradi

Jibu umeliandika mwenyewe: gari na geti. Nimeendesha magari ya mashirika miaka mingi. Mtu anayeshushwa mlangoni na gari jeupe lenye antena hakutani na jirani njiani, hamsaidii mtu kubeba mzigo, wala hapotei njia akaelekezwa. Urafiki wa mtaani unaanzia kwenye vitu vidogo hivyo. Wewe mtaa unauona kupitia kioo, na mtaa nao unakuona kupitia kioo hichohicho.

#4 NesiWaZamu

Mimi naona tusilaumu gari. Mwezi wa saba ndio penyewe. Kuna mwanasaikolojia mmoja, Oberg, alilieleza suala la mshtuko wa utamaduni: unaanza na fungate, kila kitu kizuri, halafu inakuja hatua ya kukwama, unaona kila mtu amekutenga, baadaye unatengemaa. Mleta mada yuko kwenye hatua ya pili. Vumilia, itapita. Mimi mwezi wa sita nilikuwa nalia bafuni nimefungua maji ili wenzangu wasinisikie, na mwezi wa kumi nilikuwa mtu mwingine.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Dada #4, marekebisho kidogo. Kalervo Oberg alikuwa mwanaanthropolojia, hakuwa mwanasaikolojia. Hotuba yake aliitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, ikachapishwa 1960. Kuhusu miezi, aliyekaribia zaidi swali la mleta mada ni Lysgaard, 1955. Yeye aliwahoji Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akakuta waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliokuwa wamezoea vibaya kuliko waliokaa muda mfupi zaidi na waliokaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mwezi wa saba umo ndani.

Ila tuwe waangalifu. Wale walikuwa wasomi na wanafunzi, hawakuwa watu wanaokwenda na bajeti ya mradi mkononi. Na mtoto aliyezaliwa amezaliwa kweli, picha ipo. Hilo halikutokea kichwani mwa mleta mada.

#6 NesiWaZamu

Asante mwalimu, nimepokea. Lakini kulia bafuni kulikuwa kwangu mwenyewe, hakuna aliyenifundisha 😊

#7 MhasibuWaShamba

Nyote mnaizunguka pesa. Semeni wazi: mleta mada analipwa kiasi gani ukilinganisha na huyo wa meza moja? Mimi ndiye niliyekuwa naandaa orodha ya mishahara kwenye shirika fulani, naujua uzito wake. Watu wawili, shahada sawa, kazi sawa, mmoja analipiwa nyumba, tiketi ya likizo na bima ya kusafirishwa akiugua, mwingine akiugua anapanga foleni. Mwenyeji hakuchukii. Ila hawezi kukuleta nyumbani kwake ukaona anavyoishi, halafu Jumatatu mkae meza moja kama vile hakuna aliyeona kitu.

#8 Kamusi_Hai

#7 umenena. Na mgawanyo huo una historia. Kwenye Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, kamati ya Noblemaire mwaka 1921 ilipendekeza wafanyakazi wa kimataifa walipwe kwa kufuata utumishi wa umma wa nchi inayolipa vizuri kuliko zote. Mwaka 1949 ikaja kamati ya Flemming upande wa Umoja wa Mataifa: mwenyeji alipwe kwa kulinganishwa na waajiri bora wa hapohapo alipo. Jengo moja, vipimo viwili, tangu enzi za babu zetu.

#9 MhasibuWaShamba

Hizo ni kanuni za UM mkuu. Mashirika yasiyo ya kiserikali kila moja lina utaratibu wake, na yapo yaliyojaribu kuweka ngazi moja ya mishahara kwa wote. Ila nakubali, mazoea yametoka huko. Wa UM akihamia shirika dogo anakuja na matarajio yake kwenye begi.

#10 MgeniWaGetini

Nawasoma wote. #7, ni kweli nalipwa zaidi yake, na nilijua tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kulizungumza naye. Niliona aibu, nikadhani kunyamaza ndio heshima.

#11 MezaYaPili

Mimi niko upande wa pili wa geti. Nimefanya kazi na mashirika ya kigeni nchini kwangu miaka kumi na miwili, nikiwa mwenyeji. Huu uzi umenifanya nichukue kalamu nihesabu: wakuu wa miradi na washauri wa kigeni niliokaa nao ofisi moja ni kumi na tisa.

Wa kwanza nilimleta nyumbani. Alikaa sakafuni na wanangu, binti yangu mdogo alifundishwa naye kufunga kamba za viatu. Alikuwa mtu mzuri kweli, mpaka leo sina neno baya juu yake. Mkataba ukaisha, akaaga, akaondoka. Binti alikuwa na miaka minne. Likipita gari jeupe anakimbilia dirishani. Ilichukua muda mrefu sana kuacha. Yule bwana alituma barua pepe mbili, kisha kimya.

Wa pili nilimleta. Wa tatu nilimleta. Wa nne nilimkaribisha kwa mdomo, sikupanga siku. Kuanzia wa tano sikukaribisha tena mtu. Mleta mada usitafsiri kuwa ni chuki. Tunawapenda na tunawatetea mkisemwa. Lakini kuaga watu kumi na tisa kunachosha, na wanaochoka zaidi ni watoto.

Jambo la pili hamjaligusa. Mgeni wa shirika akija kwangu, mtaa mzima umeona. Kesho yake jirani anakuja na bahasha ya vyeti vya mwanawe, anaomba nimfikishie "rafiki yangu". Nikisema siwezi, nimekuwa mchoyo. Wewe unarudi kwenu, vile vyeti vinabaki kwenye droo yangu. Ninavyo hadi sasa, bahasha sita, siwezi kuvitupa na siwezi kuvirudisha.

#12 Kijichi77

Bandiko #11 limenikalisha chini.

#13 MgeniWaGetini

#11 nimekusoma mara tatu. Mkataba wangu ni wa miezi kumi. Sikuwahi kufikiri kwamba tarehe yangu ya kuondoka wenzangu wanaijua na wanaipigia hesabu kabla yangu. Asante kwa ukweli wako.

#14 LindoLaUsiku

Naomba nitetee geti, maana humu limeshahukumiwa. Nimekuwa afisa usalama wa mashirika. Kanuni za kutotoka usiku, kuripoti kwa redio ya upepo na kutolala nje ya nyumba ya shirika hazikutungwa ili watu wasipendane. Tarehe 19 Agosti 2003 lori la mabomu lililipua Hoteli ya Canal kule Baghdad, yalipokuwa makao ya Umoja wa Mataifa. Walikufa watu 22, akiwemo Sérgio Vieira de Mello aliyekuwa mkuu wa ujumbe. Baada ya hapo kila kitu kilibadilika: kuta zikapanda, na UM ikaunda idara ya usalama mwaka 2005. Ndiyo maana tangu 2003 tunaadhimisha Siku ya Kibinadamu Duniani kila tarehe 19 Agosti.

Mleta mada, huenda hao wenzako wanazijua kanuni zako kuliko unavyodhani. Wakikualika jioni wanakuweka kwenye kona: uvunje kanuni au uwakatalie. Kutokualika ni kukusitiri.

#15 Kamusi_Hai

Afande, tukio ni la 2003, ila siku yenyewe haikuanza mwaka huo. Baraza Kuu lilipitisha azimio Desemba 2008 na maadhimisho ya kwanza yakawa 2009.

#16 LindoLaUsiku

Sawa, nimesahihishwa. Uafande niliuacha zamani 😄

#17 MezaYaPili

#14 nakuheshimu, ila niruhusu niseme. Wanaouawa wengi kwenye kazi hizi ni sisi wenyeji. Ukuta unamlinda anayelala ndani yake. Mimi na dereva tunalala nje ya ukuta huohuo, na saa ya kutotoka nje ikifika sisi ndio tuko njiani kurudi nyumbani. Sisemi muondoe kuta. Nasema mjue namna tunavyoziona tukizitazama kwa nje.

#18 LindoLaUsiku

Sina la kupinga hapo. Nimewahi kuzika dereva.

#19 FundiMabomba

Poleni wote wawili.

Mimi nirudi kwenye swali. Wote mmesema, lugha hamjaitaja. Mleta mada, hizo stori za kwenye gari mnapiga kwa lugha gani? Nikikisia ni ile ya ofisini. Basi wewe unajuana na watu wa ofisini, hujajuana na baba wa mtoto, mke wa fulani, mwimbaji wa kwaya. Mtu ana nafsi nyingine kwa lugha yake.

Nilifanya kazi kambi moja ya wakimbizi. Kipimo chetu kilikuwa kile cha Sphere, mwongozo wa viwango vya misaada ya kibinadamu: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na bomba moja lisizidi watu 250. Nilizijua namba hizo kama jina langu. Siku moja nikasimama mbele ya kina mama nikatangaza kwa lugha yao, niliyoifanyia mazoezi usiku kucha, kwamba kesho bomba litafunguliwa mapema. Kumbe nimetamka vibaya, nimesema kesho bomba litaolewa. Mama mmoja mzee akaweka ndoo chini, akauliza kwa sauti kubwa: "Mahari yake nani anapokea?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku ile hapakuwa na mtu aliyenipita bila kunisimamisha. Watoto waliniita mshenga wa bomba. Nilialikwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kwenda.

Miezi mitano ya kazi safi isiyo na kosa haikunipa kile nilichopewa na neno moja lililotamkwa vibaya.

#20 DerevaWaMradi

Mshenga wa bomba 😂 Jina hilo huku hulivui tena.

#21 Mwalimu_Mstaafu

#19 amegusa jambo ambalo wengine walilipanga tangu mwanzo. Peace Corps, mpango wa Marekani wa watu wa kujitolea, ilianzishwa 1961, na kwa kawaida mtu anafanya mafunzo ya miezi kama mitatu, mara nyingi akiishi na familia ya wenyeji, ndipo anaanza miaka yake miwili. Lugha kwanza, familia kwanza, kazi baadaye. Mashirika mengi ya dharura yanafanya kinyume: unashuka kwenye ndege, kesho yake uko kwenye kikao cha uratibu.

#22 MhasibuWaShamba

Mwalimu, hao nao wanaondoka baada ya miaka miwili. Droo ya #11 wanaijaza vilevile.

#23 Mwalimu_Mstaafu

Kweli. Sikusema wamelitatua.

#24 BintiWaNyanda

Jamani mnajibu kama vile kila mgeni ni mwanamume. Mimi nilialikwa sana, tatizo langu lilikuwa jingine. Wanawake walinikaribisha jikoni na wanaume walinikaribisha kwenye mazungumzo ya siasa, na kila upande ulishangaa nikienda upande mwingine. Nilikuwa napita milango yote na sina mlango hata mmoja wa kwangu.

Na kuna woga mwingine unaowafunga hasa wanaume wa mashirika, nao ni wa haki. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa UM alitoa waraka kuhusu unyonyaji na udhalilishaji wa kingono: marufuku ngono na aliye chini ya miaka 18, marufuku kubadilishana ngono na pesa, ajira, bidhaa au huduma, na uhusiano wa kingono kati ya mfanyakazi na walengwa wa msaada unashauriwa sana uepukwe. Mashirika mengi yameweka maneno hayo kwenye mikataba yao, na ni vizuri sana, kwa sababu watu waliumizwa. Lakini nimeona wenzangu wenye nia njema wakaogopa hata kukaa kwenye mkeka wa mtu mchana kweupe. Waraka unazuia kutumia nguvu ya cheo chako juu ya mtu. Kwenda kumpongeza mwenzako aliyepata mtoto hakumo.

#25 Kijichi77

Dada #24 umeandika kitu ambacho semina yetu ya siku mbili haikukisema.

#26 AliyerudiNyumbani

Nitatoka nje ya mada kidogo, mnisamehe. Ninyi mnalilia kutokuzoea ugenini. Mimi nilizoea. Nilikaa miaka sita, nchi tatu. Kilichonimaliza ni kurudi.

Nilishuka uwanja wa ndege nimebeba mabegi mawili, ndugu zangu wamejaa. Wiki ya kwanza kila mtu anauliza huko kukoje. Nikianza kueleza, baada ya sentensi mbili macho yao yanahama. Siwalaumu, nao wana mambo yao. Usiku umeme ukikatika nilikuwa naamka kwenda kuwasha jenereta ambayo haipo. Mama yangu alinikuta kwenye ua saa nane za usiku nimeshika tochi. Hakuniuliza kitu, akakaa na mimi kwenye ngazi mpaka nikasikia usingizi.

Nilikuwa mgeni kule miaka sita, nikarudi nikawa mgeni kwa mama yangu. Hilo nalo lina jina?

#27 Mwalimu_Mstaafu

Lina jina, na pole sana. Akina Gullahorn, mke na mume, mwaka 1963 waliuongeza mchoro wa Lysgaard: mtu anashuka, anapanda, na akirudi kwao anashuka tena na kupanda tena. Wengi hawaandaliwi kwa mshuko wa pili. Shirika linakupa semina ya kwenda, ya kurudi linakupa fomu ya kurudisha kompyuta.

#28 NesiWaZamu

#26 kaka, kama bado unaamka usiku nenda ukaongee na mtu wa afya ya akili. Nasema kama nesi na kama mtu niliyekwenda. Mama amefanya kazi kubwa, lakini asiibebe peke yake.

#29 AliyerudiNyumbani

Nashukuru dada. Nimeanza mwezi uliopita.

#30 Nusu_Mkataba

Wengine hatukupata hata nafasi ya kuaga. Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa kwa siku 90, barua ya kusitisha kazi ilitukuta tukiwa eneo la mradi. Nilikuwa mgeni, nikapewa tiketi. Wenzangu wenyeji hawakupewa kitu cha kushika mkononi. Ilipofika Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikawa imefunga shughuli zake, baada ya zaidi ya miaka sitini. Nikisoma #11 namkumbuka mtunza kumbukumbu wetu. Alinikabidhi funguo za kabati akasema, "Chukua wewe, labda watawarudisha ninyi kwanza." Funguo ninazo hapa mezani, na kabati liko nchi nyingine.

Nadhani wenyeji walijua siku nyingi kwamba kamba yetu imeshikiliwa na mtu wa mbali. Nani anajenga urafiki juu ya kamba ya namna hiyo?

#31 Kamusi_Hai

Na walishaahidiwa. Mkutano wa Istanbul wa 2016, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu ziwafikie watoa huduma wa ndani kwa njia fupi iwezekanavyo, ikifika 2020. Mwaka ukafika, lengo halikufikiwa. Labda jibu la mleta mada ni hilo: mgeni asingekuwa na geti kama mwenyeji angekuwa ndiye mwenye mradi.

#32 DerevaWaMradi

Mkuu, mtu kaja kulilia kutoalikwa, wewe umempeleka Istanbul.

#33 Kamusi_Hai

Nimempeleka ilikoanzia nauli yake 😄

#34 MgeniWaGetini

Wakuu, nilipotea wiki tatu, narudi na mrejesho.

Baada ya kumsoma #3 nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kutembea kwa miguu mchana, kilomita moja na nusu hivi. Afisa usalama alikubali kwa sharti la kuripoti nikitoka na nikifika. Na baada ya kumsoma #19 nikamwomba mlinzi anifundishe maneno matano kila jioni. Ni mwalimu mkali, haniruhusu kuingia ndani bila kuyataja yote.

Alhamisi iliyopita natoka ofisini na dada mtunza stoo, tunaelekea upande mmoja, mvua kubwa ikatushika. Akanivuta chini ya bati la nyumba yake. Tukasimama pale, maji yanachuruzika mbele yetu kama pazia, viatu vyangu vimejaa. Akafungua mlango akasema "ingia" kwa lugha yake, na nilielewa kwa sababu neno hilo lilikuwa la Jumanne. Ndani, kwenye kiti cha pekee, palikuwa na rundo la daftari za watoto. Alizihamishia kitandani ili nikae.

Mvua ilipopungua akaniuliza: "Mtoto umeshamwona?" Kumbe ni nyumba ya tatu kutoka pale. Tukaenda. Ukuta ni ule wa bluu, rangi imebanduka chini karibu na mlango, kwenye picha haionekani. Mwenzangu aliniangalia, akaangalia viatu vyangu, akacheka sana. Akanipa mtoto nimshike, nimelowa hivyohivyo, mkewe akapiga kelele, akaniwekea taulo kifuani kwanza.

Nilimwambia niliumia kutoambiwa. Akasema walibishana siku ile kama wanipitie, mmoja akasema nitajisikia vibaya kuona nyumba, mwingine akasema gari haliruhusiwi siku ya Jumamosi, mwingine akasema huyu anaondoka karibuni. Wakachelewa, wakaenda. Kwa hiyo wakuu, karibu wote mlipatia.

Halafu akaniuliza, "Mkataba wako unaisha lini?" Nikamwambia wiki tisa. Akanyamaza, anamtazama mtoto. Kisha akasema, "Basi njoo Jumamosi."

#35 FundiMabomba

Neno la Jumanne! Mpe huyo mlinzi salamu zangu.

#36 MhasibuWaShamba

Nafurahi kwa ajili yako, kwa moyo wote. Bado nasema mshahara ulikuwepo kwenye ule ubishi wao. "Atajisikia vibaya kuona nyumba" ni pesa hiyo, imevaa nguo nyingine.

#37 NesiWaZamu

Na mimi bado nasema miezi saba kwenda nane mtu anaanza kufunguka mwenyewe. Angenyeshewa mwezi wa tatu angekimbilia kwenye gari.

#38 DerevaWaMradi

Na mimi bado nasema gari. Angekuwa ndani ya gari asingenyeshewa.

#39 MgeniWaGetini

#11 kama upo, nina swali kwako peke yako. Wana mtoto mwingine, wa miaka mitano. Alhamisi aliniletea daftari lake nimchoree nyumba, nikamchorea. Jumamosi niende, au nitakuwa nafanya kilekile kilichomfika binti yako?

#40 MezaYaPili

Nipo. Nimelifikiria tangu jana usiku.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Nimemsomea uzi huu, nikamuuliza angependa yule bwana asingekuja kabisa? Akasema hapana. Akasema kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemwambia anaondoka, alidhani atarudi Jumapili kama kawaida.

Nenda. Mwambie huyo mtoto mapema kwamba una wiki tisa, mhesabu naye. Na barua pepe zisiishie mbili.

#41 MgeniWaGetini

Nimesikia. Nimemwomba mlinzi maneno ya kesho yawe namba, moja mpaka tisa.